Kitabu cha maua ya porini nilichouziwa kikiwa kimefungwa nailoni

Niseme mapema kwamba tathmini hii niliianza nikiwa na hasira, nikaiacha, na sasa ninaimalizia nikiwa na hasira ileile, isipokuwa sehemu yake kubwa imekihama kitabu na kuliangukia duka lililoniuzia.

Nilikuwa natafuta kitabu cha kutambua maua ya porini ya kanda yetu ya kati. Watu wasioijua Dodoma hudhani huku kuna vumbi, mibuyu na zabibu tu, kumbe nchi hii inayopata mvua isiyofika milimita 600 kwa mwaka, karibu yote kati ya Desemba na Aprili, ina maua mengi yasiyo na muda wa kupoteza. Mvua za kwanza zikishalowesha udongo, chini ya vichaka vya miiba huchomoza vile vitufe vyekundu vya Scadoxus multiflorus, kila kitufe kikiwa mkusanyiko wa vijiua vingi vyembamba, na ukichelewa kidogo unakuta majani matupu. Ndiyo maana nilikwenda dukani, katikati ya mji, mara tu mvua ilipoanza.

Kitabu kilikuwepo, lakini kilikuwa kimefungwa nailoni. Nilimwomba muuzaji, kijana wa umri wa mwanangu wa mwisho, anifungulie nitazame kurasa chache. "Mama, ukifungua umenunua," alisema bila kuinua macho kutoka kwenye simu. Nikamweleza kwa upole kwamba kitabu cha namna hii hakichaguliwi kwa jalada, bali mnunuzi huchukua ua moja analolijua vizuri, akalitafuta ndani, akaona linamchukua muda gani kulipata na kama maelezo yake ni ya kweli. Akanijibu, "Maua ni maua tu, mama. Kama hununui, kirudishe." Nami, kwa kuogopa kuonekana nimekuja kushangaa, nikalipa fedha ambayo wakati wa mavuno ningeweza kununulia gunia la mahindi. Nimefundisha biolojia kwa miaka mingi, na sikumbuki mwanafunzi aliyewahi kuninyamazisha namna ile.

Nyumbani niliikata nailoni kwa kisu cha jikoni. Jalada liliahidi maua ya asili ya Tanzania nzima, lakini kurasa za mwanzo zote zilikuwa za milimani. Palikuwa na Saintpaulia wa Usambara, ua dogo la zambarau, ambaye amekwishapewa sifa za kutosha tangu Wajerumani wampeleke Ulaya, na baada yake zikafuata kurasa kwa kurasa za okidi za Kitulo, ile hifadhi ya taifa tangu 2005 ambayo wenyeji huiita Bustani ya Mungu. Sina ugomvi na Kitulo, lakini ua linaloishi kwenye ukungu na baridi, mwinuko wa karibu mita 2,600, litanifaa nini nikiwa Bahi, huku kwetu Dodoma, saa saba mchana? Kilichonichoma zaidi ni kuikuta bugenvilia, mmea wa Amerika Kusini unaopandwa kwenye kuta za nyumba zetu, ikiwa imechanganywa na maua ya asili bila hata neno moja la kueleza ilikotoka.

Maua yenyewe yalikuwa yamepangwa kwa rangi. Mpangilio huo humsaidia anayeanza, kwa kuwa hamlazimu kuzijua familia za mimea, lakini una mtego wake. Gloriosa superba, lile ua ambalo petali zake hupinda kuelekea nyuma kama ndimi za moto, hufunguka likiwa na manjano nyingi kisha huzidi kuwa jekundu kadiri siku zinavyopita. Kitabu kimeliweka kwenye nyekundu peke yake. Atakayelikuta siku ya kwanza atazipekua kurasa zote za manjano na kuamua kwamba amegundua kitu kipya.

Nikaamua kukipa jaribio ambalo nilitaka kulifanya dukani. Nilitafuta mgagani, mboga ambayo mtoto yeyote wa Dodoma anaijua na ambayo pia ina ua zuri sana kwa mwenye macho. Katika faharasa hapakuwa na mgagani. Hapakuwa na mbigili pia, ingawa miiba yake imetutoboa nyayo sote. Siku iliyofuata nilichuma tawi la mgagani lenye maua, nikalifunga kwenye gazeti, nikarudi dukani kudai fedha yangu.

Yule kijana alilitazama tawi, akacheka. "Mama, hiyo ni mboga, siyo ua." Wateja wawili nao wakacheka. Kisha akaniambia kwamba kitabu kilichotolewa nailoni hakirudishwi. Yaani kisipofunguliwa sitajua ubovu wake, na nikishaujua, nimekwisha kuwa mmiliki wake! Nilitoka pale nikiwa nimelishika tawi langu kama mtu aliyekosa harusi.

Sasa inanibidi niandike jambo ambalo sikupenda kuliandika. Wiki kadhaa baadaye, nikitafuta kitu kingine kabisa kwenye kurasa za maua meupe, niliukuta mgagani. Ulikuwepo muda wote, kwa jina la Gynandropsis gynandra, nami nilikuwa nimeupita mara mbili. Picha ilionyesha ua peke yake, petali na zile stameni ndefu, bila jani hata moja, wakati sisi sote huutambua mgagani kwa majani yake yaliyogawanyika kama vidole vya mkono. Faharasa ilikuwa ya majina ya kisayansi tu. Kwa hiyo dukani nilikuwa nimedai jambo lisilo kweli, ingawa kosa nadhani tunagawana mimi na mhariri, na fungu lake ni kubwa kuliko langu.

Tangu hapo nimekitazama kitabu kwa jicho jingine. Maelezo yake, ukishafika kwenye ua lenyewe, ni mazuri. Kinaonya waziwazi kwamba viazi vya Gloriosa vina sumu inayoweza kuua, onyo ambalo nimewasomea wajukuu neno kwa neno kwa sababu wanapenda kufukuafukua. Kuhusu waridi la jangwani kimeandika kwamba huchanua likiwa halina majani, jambo ambalo mgeni wa kiangazi chetu asingeliamini. Nilikuwa nimekusudia kukipa nyota moja. Nakipa tatu. Nikiikumbuka bugenvilia napunguza moja, na mvua zijazo huenda nikairudisha.

Duka lenyewe halipati nyota hata moja. Nilipita pale juzi, na nakala zilizobaki bado zimo ndani ya nailoni. Atakayekitaka kitabu hiki aazime kwanza cha mwenzake, alitafute ua la nyuma ya nyumba yake, na aangalie kama picha zina majani. Mimi siku nyingine nitakwenda na wembe kwenye mkoba.