Rivyu yangu ya kuchangia damu hapa Dar, kuanzia fomu mpaka soda ya mwisho

Wadau habari zenu. Watu humu tunaandika sana kuhusu simu, mabasi ya mkoani, sehemu za kula kitimoto na biriani, mi leo naleta huduma ambayo hulipii hata shilingi mia na iko karibu yako kuliko unavyodhani, nayo ni kuchangia damu. Nachangia kila muda wangu ukifika, nimechangia pale Mchikichini Ilala kwenye kituo cha Damu Salama, ule mpango wa taifa wa kukusanya damu, nimechangia kwenye mahema ya kampeni, nimechangia hospitali ndugu wa jirani alipolazwa, kwaiyo naongea kitu nilichokipitia kwa mkono wangu mwenyewe.

Kwanini naona inafaa kuandikiwa rivyu kama huduma zingine? Kwa sababu kila nikimwambia mtu akachangie ananiuliza maswali ya mteja: inachukua muda gani, inauma, wana lugha nzuri, napata nini, damu yangu wanaipeleka wapi. Ni maswali ya haki kabisa na yanatakiwa yajibiwe. Afu kuna vijana wengi wananiambia kaka nataka kusaidia watu wa hapa hapa mtaani ila sina hela, magrupu ya WhatsApp yote yamejaa michango, harusi, msiba, matibabu, unatoa elfu tano huku kesho unatajwa kwenye listi ya wasiotoa kule. Mchango huu haukutaji popote na hauhitaji uwe na salio. Anayehitaji damu ni mama aliyejifungua akatokwa na damu nyingi, ni mtoto malaria imemmaliza damu, ni mgonjwa wa selimundu (sikoseli), ni dereva wa bodaboda aliyegongwa usiku. Hao wote wako wilaya yako, na damu haina kiwanda, inatoka kwa mtu tu.

Haya tuanze mlangoni. Vigezo vya kawaida ni uwe na miaka 18 mpaka 65, uzito usipungue kilo 50, na uwe mzima siku hiyo. Ukifika unapewa dodoso la kujaza, na hapa niwaombe msichoke maana maswali ni mengi na mengine ni ya ndani kabisa: unatumia dawa gani, umeumwa nini karibuni, umefanyiwa upasuaji, umechora tatuu, mambo ya mahusiano yako yakoje. Jibu ukweli. Ukiona swali linakubana na huwezi kulijibu mbele ya watu omba muongee pembeni, mi nimeona wahudumu wakilifanya hilo bila shida, na kama unajua una sababu ya kutochangia ni bora useme siku hiyo hutachangia kuliko kujaza uongo ili tu usionekane vibaya kwa wenzako mliokuja nao. Mjamzito na anayenyonyesha wanaambiwa wasubiri, na mtu anayemeza dawa aseme ni dawa gani, wao ndo wanajua kama inazuia.

Baada ya fomu wanakupima uzito, presha na wingi wa damu. Wingi wa damu wanakutoboa kidoleni, sehemu nyingine wana kimashine kinachosoma namba, sehemu nyingine wanadondosha tone kwenye maji ya bluu, tone likizama haraka we uko vizuri, likielea unaambiwa nenda kale vizuri urudi. Kiwango kinachotakiwa ni 12.5 kwenda juu. Kwa ukweli wangu hii sehemu peke yake inatosha kumleta mtu, wapo watu wazima wanatembea na presha ya juu hawana habari, wamekuja kuchangia damu ndo wamejulia pale. Unaambiwa bure, unaelekezwa hospitali.

Sasa sindano. Sitawadanganya, ni nene kuliko ile ya kupimia malaria, lazima iwe nene ili chembe za damu zisipondeke zikipita. Inauma pale inapoingia, sekunde chache, baada ya hapo unahisi tu kitu kipo mkononi. Unafumba na kufumbua kiganja, pembeni pakiti iko kwenye kimashine kinachoitikisa taratibu ili ichanganyike vizuri na dawa ya kuzuia isigande, unapiga stori na nesi, dakika 10 hazifiki imejaa. Wanachukua kama mililita 450. Mtu mzima ana lita karibu 5 mwilini kwaiyo hesabu ni kama sehemu moja ya kumi au ya kumi na moja, maji yake mwili unayarudisha ndani ya siku moja au mbili, ila chembe nyekundu zinachukua wiki kadhaa, ndo maana mwanaume anaambiwa arudi baada ya miezi 3 na mwanamke baada ya miezi 4.

Ukimaliza usiruke kitandani ukakimbilia daladala. Kaa. Unapewa soda au juisi na biskuti, wengine wanachukua wanaondoka nayo mkononi wanaona wanapoteza muda, hapana, kunywa hapo hapo, ile dakika kumi na tano ya kukaa ni sehemu ya huduma yenyewe maana kama ni kizunguzungu kitakukuta mbele ya watu wanaojua cha kufanya. Siku hiyo usibebe ndoo za maji wala usiende gym, kunywa maji mengi. Nyumbani kula dagaa, maharage, matembele, maini ukiyapata, na chai ya rangi usiishushie chakula papo hapo maana inazuia madini ya chuma kuingia vizuri mwilini, acha saa moja ipite. Na siku ya kwenda usiende na njaa, hili nalisisitiza, wengi wanaozimia ni wale waliotoka nyumbani na chai kavu au hawajala kabisa.

Kwa upande wa wahudumu nawapa maksi za juu. Timu za damu nilizokutana nazo nyingi zina lugha nzuri kupita sehemu nyingi ninazokwenda kwa hela yangu, wanakuelezea wanachofanya kabla ya kukugusa, pakiti mpya unaiona inafunguliwa mbele yako, sindano ikishatumika inatupwa, hakuna kitu kinachorudiwa. Wale mnaoogopa kuambukizwa ugonjwa kwa kuchangia naomba hilo mliondoe kichwani.

Damu ikishatoka haiendi moja kwa moja kwa mgonjwa. Inapimwa VVU, homa ya ini B, homa ya ini C na kaswende, inapangwa kundi, ikikutwa na tatizo haitumiki. Palipo na vifaa chupa moja wanaigawanya: chembe nyekundu zinakaa kwenye friji kama siku 35, plazima inagandishwa inaweza kukaa mpaka mwaka, ila chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, maisha yake ni siku 5 tu na muda wote zinatikiswa kwenye mashine. Siku tano wadau. Yani ukichangia Jumatatu, Jumamosi zimeshaisha muda. Mgonjwa wa saratani anayetumia dawa kali anaweza kuzihitaji wiki hii, na wiki ijayo tena.

Na hapa ndo kwenye hoja yangu kubwa. Sisi tumezoea kusaidia kwa tukio. Tarehe 14 Juni, siku ya wachangia damu duniani, imewekwa siku aliyozaliwa Karl Landsteiner aliyegundua makundi ya damu, basi siku hiyo mahema yanafungwa, tisheti zinagawiwa, foleni ndefu, picha zinapostiwa, mi nafurahi kabisa kuona hivo. Ila piga hesabu ya zile siku 35, chembe nyekundu za tarehe 14 Juni mwisho wake ni tarehe 19 Julai. Baada ya hapo nani anajaza friji? Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya damu yetu inatoka kwa wanafunzi, timu inaenda shuleni au chuoni inakuta vijana wengi wazima sehemu moja, shule zikifungwa hao wametawanyika. Desemba hivo hivo, shule zimefungwa, barabara zimejaa magari yanayokwenda Moshi na Bukoba, na wachangiaji wamepanda hayo hayo magari. Ukiweza kwenda Jumatano ya kawaida ya mwezi wa kumi na mbili kabla hujasafiri, au baada ya masika pale watoto wanapoanza kujaa wodini na malaria, chupa yako hiyo inaziba pengo ambalo chupa ya siku ya sherehe haiwezi kuliziba. Shirika la Afya Duniani (WHO) wanasema nchi ikusanye angalau chupa kwa asilimia 1 ya watu wake, sensa ya 2022 ilituhesabu watu 61,741,120, kwaiyo tunazungumzia kama chupa 617,000 kila mwaka. Namba hiyo haifikiwi kwa mahema ya siku moja, inafikiwa na mtu anayerudi mara tatu kwa mwaka bila kuitwa.

Kurudi huko ndo sehemu nnayoikata maksi huduma yenyewe. Kuna sehemu nilichangia, siitaji, niliandika namba ya simu vizuri kabisa kwenye fomu nikaambiwa nitatafutwa kwa majibu na kukumbushwa tarehe nyingine, sikupata simu wala meseji, nilivyofuatilia mwenyewe nikaambiwa nije siku nyingine mhusika hayupo. Mimi nimerudi sehemu zingine kwa sababu nina moyo nalo hili jambo, ila kijana wa mara ya kwanza ukimfanyia hivo umempoteza. Meseji moja tu ya kusema asante, damu yako ni O chanya, karibu tena mwezi fulani, ingefanya kazi kubwa sana. Mtu akishajua kundi lake na akapewa tarehe anajiona ana kazi maalumu. Naomba wenye kampeni zozote, kanisa, msikiti, kampuni, mkishafunga mahema msiishie hapo, tengenezeni listi yenu wenyewe ya watu na tarehe zao.

Jambo la pili linaloniumiza ni sisi jamii kusubiri mpaka mgonjwa awe wetu. Unakuta ndugu yuko wodini, familia inaambiwa ilete wachangiaji, saa nne usiku watu wanapigiana simu, shemeji ana presha, mjomba hajala toka mchana, binamu yuko Kibaha, na mgonjwa anasubiri. Damu haiangalii ukoo. Ile chupa unayompelekea shangazi leo inatakiwa iwe imeshapimwa na iko kwenye friji kabla shangazi hajaumwa, na aliyeiweka pale ni mtu asiyemjua shangazi yako kabisa. Mi hilo ndo linanifanya niipende hii huduma kuliko michango mingine yote, hujui unamsaidia nani, huwezi kumsimanga, hawezi kukupigia magoti.

Kuna hili la damu inauzwa, nalisikia kila kijiwe. Damu haiuzwi, na hata ukichangia mara ngapi hulipwi. Vifaa vya kupimia na pakiti vinagharimu hela ndefu lakini hilo si la mgonjwa kulipishwa kwa kificho. Mtu akikuomba hela ya damu pembeni korido usimpe, uliza jina, nenda kwa mganga mfawidhi au ofisi ya malalamiko. Kuacha kuchangia kwa sababu ya mtu mmoja mwenye tamaa kunamuumiza yule mtoto wa selimundu, yule mwenye tamaa hapungukiwi chochote.

Kina dada naona mnaogopa sana kwa maneno ya kwamba mwanamke anapoteza damu kila mwezi asichangie. Anachangia vizuri tu, ndo maana kipimo cha wingi wa damu kipo na ndo maana mmepewa miezi 4 badala ya 3. Ukiwa kwenye siku zako waambie wakushauri.

Kwa ujumla wake naipa nyota 4 kati ya 5. Usafi na usalama nyota zote, lugha nyota zote, muda unategemea, ukienda asubuhi siku ya kawaida lisaa limoja linatosha ila siku ya kampeni beba uvumilivu. Nyota iliyobaki naishikilia hapa mpaka suala la majibu na meseji litengemae, na nikiona limetengemaa nitakuja kuhariri hii posti.

Walioko nje ya Dar, Damu Salama wana vituo vya kanda Mwanza, Moshi, Dodoma, Tabora, Mbeya na Mtwara, na ukikosa hivyo nenda maabara ya hospitali ya mkoa au wilaya uulize siku zao za kuchukua damu. Dar Mchikichini pale ukishuka Karume uliza tu utaelekezwa. Nenda umekula, umekunywa maji, umevaa shati mkono unapanda juu bila kubana. Aliyewahi kuchangia mkoani aweke hapa chini wanafungua saa ngapi na foleni ikoje, kuna watu wa Tabora na Mtwara wameniuliza na mi huko sijafika.