Uzoefu wangu na kozi ya tagi za kusukuma jijini Arusha: kitufe cha kijani

Naandika haya hasira zikiwa bado zinachemka, na sioni sababu ya kusubiri zipoe, kwa kuwa nikisubiri nitaishia kuwasifu bure. Siku si nyingi zilizopita, mimi na mpwa wangu tulijiandikisha katika kozi fupi inayotolewa Arusha, ghorofani, si mbali na Mnara wa Saa, ambayo tangazo lake liliahidi kutufundisha namna ya kuongoza tagi za kusukuma, yaani boti fupi zenye injini yenye nguvu, na namna ya kuziunganisha na matishari yanayosukumwa, yale mashua bapa ya mizigo yasiyo na injini. Jina la chuo sitalitaja. Ada ilikuwa laki nne na nusu kwa kila kichwa, ukiacha nauli ya kila asubuhi kutoka Moshi, na kwa fedha hiyo nina haki ya kulalamika hadi nichoke.

Wapo watakaocheka kwamba kozi ya vyombo vya majini inafanyika chini ya Mlima Meru, mahali ambapo maji mengi kuliko yote anayoyaona mtu ni ya mvua za masika barabarani. Mimi sicheki. Sehemu kubwa ya ujana wangu niliitumia bandarini Tanga, enzi zile ambazo gatini palikuwa na kina cha mita 3 tu, meli kubwa zikitia nanga nje, mizigo ikishushwa kwenye matishari, na tagi zikiyaleta matishari hayo gatini. Kina kilipochimbwa hadi kufikia mita 13, meli zikaanza kufunga gatini zenyewe, na wengi wetu wa matishari tukarudi makwetu. Ila sisi tulikuwa tukivuta: kamba inatoka tezi ya tagi, yaani nyuma yake, na tishari linafuata. Kusukuma ni kazi nyingine kabisa, na ndiyo inayofanyika katika mito mikubwa, kuanzia Mto Kongo, ambako matishari husukumwa kati ya Kinshasa na Kisangani, mwendo wa kilomita zipatazo 1,700, hadi Mississippi huko Marekani. Mpwa wangu ana ndoto ya Kisangani, hasa baada ya kuambiwa kwamba huko Kiswahili chake kitamfikisha mbali. Tulikwenda, basi, tukiwa na hamu ya kweli.

Sasa nije kwenye kitufe. Darasani kuna simuleta, yaani skrini tatu kubwa zilizopangwa kwa kuzunguka meza, na juu ya meza pamefungwa usukani wa duara ambao kijana yeyote aliyewahi kuingia kwenye vibanda vya michezo ya kompyuta ataukumbuka mara moja, kwa sababu ni ule wa kuendeshea magari ya mashindano. Hata kanyagio zake bado ziko chini ya meza. Hilo nililisamehe, ingawa tagi nyingi za mtoni huongozwa kwa mikono ya vyuma na si kwa gurudumu. Kwenye skrini tagi ilianza kulikaribia tishari kwa nyuma, nami nikajisogeza ukingoni mwa kiti, maana hapo ndipo penye kazi: unakaribia kwa pembe gani, mkondo unakupeleka upande upi, unagusa kwa mwendo kiasi gani, nani anapeleka waya wa kwanza na anauzungusha kwenye nguzo ipi. Mwalimu, kijana nadhifu aliyevaa shati lililopigwa pasi vizuri, akabonyeza kitufe cha kijani kilichoandikwa "Unganisha". Ukasikika mlio mdogo, tagi ikaganda kwenye tishari, na somo la kuunganisha likawa limekwisha.

Niliuliza kwa adabu nyaya ziko wapi.

"Programu inazifunga yenyewe, mzee."

Nikauliza tena kama kuna mahali tunapoweza kuona zinavyofungwa, au walau zinavyolegea. Hapo alinitazama kuanzia viatu hadi kofia, akawageukia wanafunzi wengine huku akitabasamu, akasema: "Mzee wangu, mambo ya kamba ni kazi ya mabaharia. Hapa tunafundisha manahodha."

Darasa likacheka. Mpwa wangu hakucheka, na kwa hilo nitamnunulia chakula hadi uzeeni.

Hata ukiiondoa dharau iliyomo, jibu lile ni la hovyo kwa upande wa kazi yenyewe. Tagi ya kusukuma ya mtoni ina omo (sehemu ya mbele) bapa yenye magoti mawili marefu ya chuma, na magoti hayo ndiyo yanayoegemea tezi ya tishari. Injini ikisukuma kwenda mbele, magoti yanatosha. Lakini nahodha akigeuza usukani, au akipiga rivasi ili apunguze mwendo, kinachobaki kuvishikilia vyombo hivyo viwili ni nyaya tu, zinazotoka kwenye winchi za kila upande wa omo ya tagi hadi kwenye nguzo za tezi ya tishari. Waya wa upande mmoja ukiwa umelegea, tagi huteleza kwanza kwenye tezi ya tishari na kujipinda yenyewe, huku mzigo ulio mbele ukiendelea kwenda kulekule ulikokuwa ukienda. Kisha ule waya unakaza kwa ghafla, na waya unaokaza kwa ghafla ndio unaokatika, nao ukikatika unafyatuka bila kuuliza nani baharia na nani nahodha. Nahodha asiyejua nyaya zake zimekazwa vipi hajui chombo chake kitamtii kwa kiasi gani, na mtu wa namna hiyo sijui anafundishwa unahodha wa nini.

Wala isidaiwe kwamba nyaya ni mambo ya kale. Katika sehemu ya juu ya Mississippi, msafara wa kawaida hadi leo ni wa matishari 15, matatu kwa upana na matano kwa urefu, kila moja likiwa na urefu wa futi 195 na upana wa futi 35 na likibeba tani zipatazo 1,500, na yote yameshikanishwa kwa nyaya zinazokazwa kwa racheti, kifaa cha mpini na meno cha kukazia waya, na mikono ya watu. Sehemu hiyo ya mto ina mabwawa yenye vyumba vya kupandishia na kushushia vyombo, na vyumba vingi vina urefu wa futi 600 tu, ilhali msafara pamoja na tagi unapita futi 1,000. Kwa hiyo unakatwa vipande viwili: matishari 9 yanapitishwa kwanza, yanafuata 6 yaliyobaki yakiwa na tagi yake, halafu vipande vinaungwa upya upande wa pili, na kazi hiyo inarudiwa kwenye kila chumba chenye urefu huo. Ningependa kijana wa shati la pasi anionyeshe kitufe chake cha kijani mahali hapo, usiku wa baridi, sitaha ikiwa imeganda barafu.

Nilikusudia kuishia hapa na kuwapa nyota moja. Mpwa wangu amesoma nilichoandika na kusema ninamwonea kijana wa watu, na kwa upande wa uongozaji ana hoja. Yule mwalimu anajua kueleza. Alitufafanulia kwamba anayesukuma ameketi mkiani mwa chombo kirefu, na kwa hiyo haivuti omo kuelekea anakotaka bali anaisukuma tezi upande wa pili, na kwamba kona huanzwa mapema na mzunguko huanza kuzuiwa kabla msafara haujanyooka, kwa sababu uzito wa namna ile ukishaanza kuzunguka haukomi kwa kuamriwa. Alitueleza pia jambo ambalo miaka yangu ya Tanga haikunifundisha. Usukani wa kawaida uko nyuma ya pangaboi, lile panga linalozunguka majini na kukisukuma chombo, na nguvu yake inatokana na maji yanayosukumwa na pangaboi hilo. Ukipiga rivasi maji yanakwenda upande wa pili na usukani unabaki karibu mtupu. Ndiyo maana tagi nyingi za mtoni zina sukani za ziada mbele ya pangaboi, mbili kwa kila moja, zenye mikono yake peke yake, kwa ajili ya kurudi nyuma tu. Kwa sukani hizo nahodha anayeshuka na mkondo anaweza kufika kwenye kona kali, akapiga rivasi, akaishikilia tezi upande wa ndani wa kona, na kuuacha mkondo wenyewe uizungushe omo ya msafara. Nilimsikiliza kwa raha. Kwa somo lile peke yake ningempa nyota nne, na nilikuwa nimeanza kujiambia kwamba pengine yale maneno ya mabaharia yalimtoka tu.

Tena kuna mzee wa stoo. Chuo kina yadi ya kukodi huko Unga Limited, ambako tulipelekwa mara moja kwa ajili ya kupigwa picha tukiwa tumevaa makoti ya kuokolea, na mtunza stoo wa pale ni mtu wa Kigoma aliyewahi kufanya kazi kwenye vyombo vya Ziwa Tanganyika. Wenzetu walipokuwa wakipozi, yeye alituita mimi na mpwa wangu pembeni, akafunua turubai, na chini yake palikuwa na racheti halisi iliyojaa grisi na kipande cha waya chenye kitanzi. Akakifunga kati ya nguzo mbili za uzio. Akamwonyesha kijana jinsi ya kukipindua kijino cha racheti ili ikaze badala ya kulegeza, jinsi ya kuingiza bomba kwenye mpini ili kuongeza nguvu, na mahali pa kuweka miguu, ili bomba likichomoka uangukie sitaha na si majini. Alipomaliza kukaza aliugonga waya kwa spana na kutuambia tusikilize, akalegeza kidogo, akaugonga tena, na tofauti ya sauti ilikuwa dhahiri. "Mjomba," alimwambia mpwa wangu, "ukisikia huu wa pili, usimruhusu nahodha apige rivasi." Hakuna aliyemlipa kwa somo hilo, na hayumo kwenye ratiba.

Ni yeye pia aliyetueleza habari za pini, njia nyingine ya kuunganisha tagi na tishari, ambazo darasani zilipita kwa picha moja na ahadi ya kwamba maswali yatajibiwa baadaye. Kwenye bahari yenye mawimbi nyaya hazifai, kwa kuwa tagi na tishari hupanda na kushuka kila kimoja kwa wakati wake. Ndipo ikabuniwa tagi inayoingia katika mwanya uliokatwa kwenye tezi ya tishari na kutoa pini mbili, moja kila ubavu, zinazoingia kwenye kuta za mwanya. Tagi inaweza kuinua na kuinamisha omo yake kama geti kwenye bawaba, lakini haiyumbi kwenda kulia wala kushoto bila tishari lake. Niliuliza, kwanza darasani, inakuwaje tishari likishusha mzigo na kuinuka. Darasani sikujibiwa. Mzee wa stoo alijibu kwa sentensi mbili: katika aina moja pini zina meno yanayoingia kwenye ngazi ya chuma iliyosimama ukutani mwa mwanya, na tishari likiinuka unazichomoa na kuzirudisha kwenye ngazi kwa urefu mwingine, baada ya kusawazisha tagi kwa maji ya farumi, yaani maji ya uzito yanayojazwa matangini. Hata taa zinafuata muunganiko. Kanuni ya 24 ya kanuni za kimataifa za kuzuia migongano baharini za mwaka 1972 inasema kwamba vyombo vilivyoshikamana kwa uthabiti na kuwa kitu kimoja vinawasha taa za meli moja inayokwenda kwa injini, ilhali visiposhikamana hivyo, kinachosukuma huonyesha taa mbili nyeupe za mlingoti, moja juu ya nyingine. Nahodha huyu anayeachia mabaharia mambo ya kamba atajuaje awashe taa zipi?

Nilirudi Moshi siku hiyo nikiwa nimelainika kabisa. Ningewaandikia maneno mazuri, na ningeshauri tu kwamba mzee wa stoo apewe darasa na mshahara unaofanana na kazi hiyo.

Kisha tukapewa vyeti. Karatasi nzito, mhuri wa dhahabu, na chini ya jina langu pameandikwa kwamba nimefuzu "kuongoza tagi ya kusukuma na kuiunganisha na tishari kwa viwango vya kitaalamu". Kuiunganisha! Hakuna hata mwanafunzi mmoja kati yetu aliyeigusa tagi, na ukitutoa sisi wawili hakuna aliyeugusa waya. Nilikwenda ofisini kuomba neno hilo liondolewe kwenye cheti cha mpwa wangu, kwa sababu yupo mtu mahali fulani, Kisangani au kwingineko, atakayelisoma, atamwamini, na atampeleka sitahani usiku. Dada wa mapokezi alinijibu bila kuinua macho kwenye simu yake: "Baba, maandishi ni hayohayo kwa wote." Nikaomba kumwona mkuu, nikaambiwa amesafiri. Nikarudi wiki iliyofuata, bado alikuwa amesafiri, ingawa gari lake lilikuwa chini.

Nyota, basi, ni mbili. Nilikuwa nimeandika tatu nikafuta. Nikimfikiria mzee wa Unga Limited zinarudi kuwa tatu, lakini yeye si chuo, na wala hawajui kwamba alitufundisha, na sasa naona afadhali wasijue. Nimewaandikia barua kuomba nusu ya ada, ile nusu ya kuunganisha. Wakiirudisha nitayafuta maneno yangu yote, isipokuwa yale ya kitufe.