Kijiwe cha Kahawa Ngamiani, kwa Anayehamia Tanga

Mtu aliyehamishiwa Tanga kikazi, ambaye hana ndugu wala jamaa mjini, mara nyingi hushauriwa aende Raskazone akaogelee na kupunga upepo wa bahari. Ni ushauri mzuri kwa mapumziko, lakini kule kila kundi huja na watu wake na kuondoka nao. Kwa anayetafuta marafiki, ninapendekeza kijiwe cha kahawa kilichopo Ngamiani, katika mojawapo ya zile barabara zinazotajwa kwa namba, ambako mabenchi hutolewa nje baada ya sala ya alasiri na barza huendelea hadi usiku.

Kahawa yenyewe ni nzuri. Ni chungu, imekolezwa tangawizi, na kwa kuwa dele haliondoki juu ya jiko la mkaa, hata kikombe cha mwisho huunguza ulimi. Kikombe ni shilingi 200, na kashata za nazi huisha mapema kuliko za karanga. Kasoro ni uoshaji: vikombe vyote husuuzwa katika ndoo moja ambayo maji yake huchelewa kubadilishwa, na yupo mteja anayekuja na kikombe chake bila mtu yeyote kumshangaa.

Kinachokifanya kijiwe hiki kimfae mgeni ni kwamba hakuna anayelazimika kujieleza. Anayefika huwaamkia wazee, huwasalimu wengine kwa pamoja na kukaa penye nafasi, na akinyamaza hahojiwi, kwa kuwa wapo wanaotazama bao na wapo waliokuja kusikiliza tu. Mzee mmoja aliyekuwa akingoja zamu yake ya kucheza aliniuliza, macho yake yakiwa kwenye kete, "Mwanangu, wewe ni wa Coastal au wa Sports?" Nilipojibu kwamba sina timu hapa Tanga, benchi zima lilijitwika kazi ya kunielimisha, upande mmoja ukinitajia ubingwa wa Coastal Union wa mwaka 1988, upande wa pili ukishikilia kwamba African Sports ndiyo iliyotangulia kuzaliwa. Mjadala huo haujaisha, nami nimekuwa sehemu yake.

Hata hivyo, urafiki wa hapa una masharti. Kucheka pamoja benchini si kualikwa nyumbani. Mtu huhesabiwa mwenzao pale anapoombwa mchango wa rambirambi na kuambiwa maziko ni saa ngapi. Asiyehudhuria ataendelea kusalimiwa kwa heshima ile ile, ila siku akiugua hakuna atakayemjulia hali. Sioni ubaya wowote katika utaratibu huo, ingawa anayetaka urafiki wa haraka atauona mzito.

Lawama yangu kubwa ni kwamba kijiwe ni cha wanaume. Mwanamke huuziwa kahawa kwa adabu, kisha huondoka nayo. Mfanyakazi mwenzangu wa kike, ambaye naye ni mgeni mjini, alipata wenzake katika kikundi cha kuweka na kukopa mtaani kwao Chumbageni, na kusema kweli alizoeleka upesi kuliko mimi.

Mwezi wa Ramadhani mabenchi hayatoki hadi baada ya tarawehe, na siku ya mechi ya Simba na Yanga anayechelewa atakunywa kahawa yake akiwa amesimama.