Mchuzi wa Hotidogi wa Marekani: Upi Ununue Kwanza

Picha ya kopo la mchuzi wa hotidogi, yaani mchuzi wa kima unaomwagiwa juu ya soseji iliyotiwa ndani ya mkate, hutengenezwa ili mnunuzi adondokwe na mate, na kwa kweli hufaulu. Ndiyo maana msomaji anayenunua Marekani anashauriwa kuyasoma maandishi kabla ya kuitazama picha. Mwaka 1970 Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani iliibana kampuni ya supu ya Campbell, kwa kuwa katika matangazo yake gololi za kioo zilitiwa chini ya bakuli ili mboga zipande juu na supu ionekane nzito. Jina la bidhaa halina mwanya mkubwa kiasi hicho wa udanganyifu. Kwa kanuni za Wizara ya Kilimo ya nchi hiyo, kopo linaloitwa “chili con carne” (nyama iliyopikwa kwa pilipili) lazima liwe na nyama isiyopungua asilimia 40, ilhali mchuzi wa hotidogi “wenye nyama” unaruhusiwa kuwa na asilimia 6 tu.

Nafasi ya kwanza naupa mchuzi wa mji wa Cincinnati, Ohio, hasa wa Skyline, mgahawa ulioanzishwa mwaka 1949 na Nicholas Lambrinides, mhamiaji kutoka Ugiriki, ambao leo mchuzi wake huuzwa madukani kwa makopo au ukiwa umegandishwa. Kima ya mtindo huo huwa laini, haina madonge, na katika mapishi mengi ya mji huo hutiwa mdalasini na karafuu, hivyo aliyezoea pilau ya Pwani hataiona harufu yake kuwa ngeni. Upashe kwa moto mdogo, uumwagie juu ya soseji iliyopakwa haradali, nyunyiza vitunguu vilivyokatwa vidogo vidogo, kisha funika kwa jibini iliyokwaruzwa mpaka soseji isionekane.

Ya pili ni pakiti ya viungo ya Olneyville New York System, mgahawa wa jimbo la Rhode Island; pakiti hiyo humtaka mnunuzi apike kima yake mwenyewe. Kwa Mwislamu anayechagua nyama ya halali, hii ndiyo ya kwanza. Usisahau chumvi ya seleri juu yake.

American Coney Island, mgahawa wa Detroit uliofunguliwa mwaka 1917, husafirisha mchuzi pamoja na soseji na mikate yake. Ladha ni nzuri, lakini gharama ya usafirishaji inaufanya ufae zaidi siku ya wageni wengi.

Makopo ya bei nafuu yenye nyama asilimia 6 yanashika mkia. Ukilazimika kuyanunua, kaanga kwanza kima na kitunguu, ndipo umimine mchuzi.