TAHADHARI: Dalali wa malori Ubaruku kanilipisha mzigo mmoja mara mbili

Jamani, leo ndiyo nimepata nguvu ya kuandika. Nawaonya juu ya huyu bwana anayejiita wakala wa usafirishaji pale Ubaruku, wilaya ya Mbarali, anayekutafutia lori zima la kuleta mchele Dar. Jina lake kwa sasa silitaji kwa sababu RB (namba ya taarifa niliyofungua polisi) ninayo na mpelelezi kaniomba ninyamaze. Lakini wenye mchele wa Mbarali mkipakia msimu huu, fungueni macho.

Mzigo wangu ulikuwa gunia 300 za kilo mia mia, tani 30. Huo hauchanganywi na mzigo wa mtu mwingine, unachukua semi nzima. Bwana huyu nilimkuta palepale mashineni, tunapokobolea mpunga, kavaa kizibao cha kuakisi mwanga, daftari la risiti mkononi, kila kuli anamsalimia. Akaniambia ana gari linashuka kutoka Tunduma tupu, limeshusha mzigo wa Zambia, kwa hiyo atanipa kwa 2,700,000. Bei hiyo haikunishtua. Kila anayesafirisha njia ile anajua gari linalorudi Dar tupu linakubali bei ya chini, maana mafuta yatachomwa tu, liwe na mzigo au lisiwe na mzigo.

Na kilichonimaliza kabisa ni kwamba kazi anaijua. Makuli walikuwa wanarundika gunia nyuma ya tela, yeye akapanda juu mwenyewe, akawasimamisha, akasema, "Sogezeni mbele, ekseli za nyuma zitazidi uzito, mizani ya Makambako haina undugu." Akamwambia utingo afunge turubai mara mbili kwa sababu ya mvua ya Kitonga. Alihesabu gunia pamoja na mimi, moja moja, na nilipokosea kwenye 180 akanirudisha. Mtu anakusahihisha hesabu kwa faida yako, utamdhania mwizi? Nilijiona nimepata mtu wa kufanya naye kazi miaka yote. Nikamshukuru. Hiyo shukrani ndiyo inaniuma kuliko pesa.

Lori likiwa limeshafungwa akanivuta pembeni, upande wa matairi ya tela, mbali na dereva. Akasema, "Dada yangu, yule ni kijana wangu wa kazi, masuala ya hela tunamalizana mimi na wewe, nataka nimpe ya mafuta aondoke kabla giza halijaingia." Nikamtumia milioni mbili kwenye simu, salio laki saba tukakubaliana nimalizie Dar. Akaniandikia risiti ya mkono yenye muhuri. Dereva nilimsalimia tu, akaniitikia, akapanda. Baadaye ndiyo nimejua kwamba dereva naye aliambiwa mimi ni karani wa huyo bwana, kwamba mwenye mzigo yuko Dar.

Kesho yake jioni nipo kwenye basi narudi, simu ikaita, ni yule bwana. "Dada, gari limezuiliwa mizani ya Vigwaza, ekseli imezidi uzito, faini 450,000, tuma haraka tutakata kwenye salio, likilala pale ni gharama nyingine." Nikawaza zile gunia za nyuma, nikaona kweli inawezekana. Nikatuma. Sikuuliza hata swali moja. Faini ya mizani ni ya serikali, inatolewa kontroli namba (namba ya malipo ya serikali), hailipwi kwenye laini ya mtu! Mimi hilo nalijua, nililijua hata siku ile, lakini uchovu na haraka vilinifunga akili. Na gari halikuzuiliwa Vigwaza hata dakika tano.

Saa kumi na moja alfajiri lori likafika stoo Tandika. Makuli wangu wamejipanga, mteja wangu wa bweni kaja na Fuso yake kuchukua gunia 60 palepale. Dereva akashuka, mzee wa makamo, akasema kwa upole, "Mama, turubai halifunguliwi mpaka bosi apate hela yake." Nilimvamia kwa maneno. Nilimwita mwizi mbele ya watu, nikamtishia polisi, mtaa mzima ukatoka nje. Yule mzee hakunijibu vibaya hata neno moja. Alimpigia tajiri yake, akaweka sauti kubwa, nasi sote tukasikia. Mwenye gari hana ujamaa wowote na yule bwana. Kapigiwa simu na dalali, kaahidiwa 3,200,000 kwa safari, katumiwa laki nane ya mafuta, zilizobaki alipwe na mwenye mzigo akifika.

Mnaona alichofanya? Kamwahidi mwenye gari 3,200,000, mimi kaniuzia kwa 2,700,000. Mtu gani ananunua safari ghali na kuiuza rahisi? Yule tu asiyekusudia kumlipa mwenye gari. Laki nane ilitoka kwenye milioni mbili zangu ili gari litembee na mimi nitulie. Zilizobaki na ile "faini" kala.

Nikampigia, simu imezimwa. Mpaka leo imezimwa.

Mwenye gari naye ana haki yake, gari lake limetembea. Tumevutana siku nzima, usiku gari limelala nje ya stoo na mchele wangu juu, asubuhi nikalipa 2,400,000 iliyobaki na 150,000 ya gari kulala. Mzigo wa 2,700,000 umenigharimu milioni tano kamili. Mteja wa bweni aliondoka na Fuso tupu, kanunua Manzese. Yule dereva nimemwomba radhi, akasema, "Mama, yaishe, si wa kwanza." Si wa kwanza! Kumbe madereva wanamjua na anaendelea kutembea na muhuri wake.

Mtu huyu akamatwe, afungwe, na kila alichonunua kwa hela za watu kiuzwe tulipwe. Na kampuni ya simu iseme ile laini imesajiliwa kwa kitambulisho cha nani. Wanaomwachia azurure mashineni nao waulizwe, maana haiwezekani mtu akae pale kila siku na asijulikane kwake. Akina mama tunakopa, tunalala juu ya magunia, halafu mtu mmoja anakula jasho letu kwa simu mbili! Nasema afungwe, na nitakwenda kituoni kila wiki mpaka afungwe.

Mlioniuliza mngemtambuaje: hataki uongee na dereva, hilo kubwa. Ongea na dereva, mwombe namba ya mwenye gari, mpigie mbele yake umuulize kaahidiwa shilingi ngapi. Kadi ya gari angalieni, ya kichwa na ya tela, kila kimoja kina namba yake, na leseni ya LATRA (mamlaka ya usafiri wa ardhini) ina jina la mwenye gari. Risiti yake haikuwa ya mashine ya EFD, ile ya risiti za kodi, ningeshtuka hapo. Na hela yote msitoe kabla turubai halijafunguliwa.

Kama kuna aliyelipa kwa mtu wa namna hii pale Ubaruku, Igawa au Makambako, anitafute inboksi leo. Mpelelezi anasema tukiwa watatu wenye ujumbe wa muamala, jalada litakuwa na nguvu. Mpaka sasa tupo wawili.