Gemu za 2024: ukiwa Kisumu, anza na hii

Gemu nyingi kubwa za PS5 (PlayStation 5) zilizotoka 2024 ziliuzwa dola 69.99, kama shilingi 9,000 hivi. Huku Kisumu kuna watu wanaolipa kodi ya nyumba kwa pesa hizo, kwa hiyo orodha yangu haifuati tuzo. Kila gemu nimeiuliza mambo matatu. Intaneti ikikatika, inachezeka? Wageni wakija, nao watashika padi? Na ukiichoka, diski itauzika?

Ninayoiweka juu inashindwa swali la tatu, maana ni ya kupakua, na bado siishushi. Ni Tales of Kenzera: Zau, iliyotoka Aprili 2024. Kiongozi wake ni Abubakar Salim, mwigizaji wa Uingereza mwenye asili ya Kenya. Baba yake alifariki 2013, na gemu hii imezaliwa na msiba huo. Zau ni mganga kijana anayemwendea Kalunga, mungu wa kifo, kumwomba amrudishie baba yake. Kalunga anamwekea sharti: kwanza amletee roho tatu kubwa zilizokataa kuondoka duniani. Zau anapigana kwa vinyago viwili, cha jua kwa mapigo ya karibu na cha mwezi kwa kurusha kutoka mbali, na utamu wote uko katika kuvibadilisha ukiwa bado hewani.

Kabla hujaanza, ingia kwenye mipangilio uweke sauti za Kiswahili. Tafadhali usiruke hatua hii. Ni waigizaji kamili wanaozungumza tangu mwanzo hadi mwisho, si maandishi tu chini ya kioo. Nyumbani, mama yangu, ambaye gemu hazimhusu kabisa, alitoka jikoni na mwiko mkononi akauliza hiyo ni tamthilia gani. Alikaa mpaka Zau alipomaliza kuongea na Kalunga. Sijawahi kuona gemu ikimfanya hivyo.

Kasoro zipo. Ni fupi, maadui wanaanza kujirudia ukifika katikati, na kuna sehemu za kuruka ambapo kosa dogo linakurudisha nyuma sana. Lakini bei yake ilipotoka ilikuwa dola 19.99, karibu shilingi 2,600, na ukishaipakua huhitaji bando kuicheza. Ipo pia kwa Xbox, Switch na kompyuta. Studio yake, Surgent, ilipunguza wafanyakazi mwaka huo huo. Tukitaka kusikia Kiswahili tena kwenye gemu za kiwango hiki, hii tuinunue, tusisubiri ya kunakiliwa.

Ya pili ni Astro Bot, ya PS5 peke yake, iliyotangazwa gemu bora ya mwaka kwenye The Game Awards Desemba 2024. Kama una watoto, ipandishe iwe ya kwanza. Ni ya mchezaji mmoja, ila hatua zake ni fupi kiasi kwamba padi inazunguka bila ugomvi: ukifa, unampa wa pembeni. Mvua ikinyesha ndani ya gemu unaisikia matone yakigonga kwenye viganja vyako, maana padi yenyewe inatetemeka tone kwa tone. Ukitaka kuonja kwanza, kila PS5 huja na Astro's Playroom ndani yake, bure. Mtoto akiimaliza hiyo na kuomba nyingine, jibu umelipata.

EA Sports FC 25 iko ya tatu, na najua Kondele, mtaa wa hapa Kisumu, watanilaumu. Vibanda vingi vya gemu bado vinaiita Fifa, na kwa wageni wawili sebuleni hakuna inayoishinda. Kwenye toleo hili waliongeza Rush, watano kwa watano kwenye uwanja mdogo, na ni tamu kweli. Tatizo langu ni kalenda. Toleo jipya hutoka kila Septemba, na likitoka tu diski yako inashuka bei. Mwenye FC 24 sioni sababu ya kukimbia. Asiye na yoyote anunue diski ya mtumba, acheze mechi za kawaida, na akae mbali na Ultimate Team, inayotaka intaneti na kukuvutia ununue pakiti za wachezaji kwa pesa halisi. Hasa kama M-Pesa ya mzazi iko karibu.

Tekken 8 ni kwa wanaopenda kupigana ana kwa ana. Ilianza na wapiganaji 32, na ina mtindo rahisi unaomwezesha asiyejua kitu kutoa mapigo mazito kwa kubonyeza kitufe kimoja. Inakula nafasi, kwa kompyuta wanataka GB 100. Tafuta diski, usimalize bando kwa kuipakua.

Huna PlayStation? Balatro ipo kwenye simu tangu Septemba 2024, kwa dola 9.99, na inachezeka bila mtandao hata kwenye matatu ya kwenda Kakamega. Mtu mmoja wa Kanada ndiye aliyeibuni. Ni karata za poka, lakini huweki dau la pesa, na hilo nalisema wazi kwa sababu kamari imewaumiza vijana wengi hapa.

Helldivers 2 iache. Ni nzuri, lakini bila intaneti ya uhakika haichezeki. Isitoshe, Mei 2024 Sony ilitaka wachezaji wa kompyuta wawe na akaunti ya PSN, huduma ya mtandaoni ya PlayStation, na gemu ikaondolewa sokoni katika nchi zaidi ya 170 zisizo na huduma hiyo rasmi. Sharti lenyewe lilifutwa baada ya wachezaji kupiga kelele.

Ukienda dukani, iwe Oginga Odinga Street au Nakuru, soma jalada: diski ya PS4 karibu zote huingia PS5, lakini ya PS5 haiingii PS4, na PS5 isiyo na tundu la diski haitakufaa kwa mtumba. Geuza diski kwenye mwanga uangalie mikwaruzo ya duara. Na kwa kuwa Kenya haina duka rasmi la mtandaoni la PlayStation, akaunti nyingi zimesajiliwa Uingereza, Marekani au Afrika Kusini. Kadi ya zawadi lazima iwe ya nchi ya akaunti yako, kwa hiyo uliza kabla hujaikwangua.