TAHADHARI: "BlackBerry KEY2 mpya" ya laki moja na themanini

Wakuu, kuna ukurasa Instagram unajitangaza kuwa uko Kariakoo na unauza BlackBerry KEY2, simu ya Android yenye batani za herufi, "mpya, ful boksi, waranti mwaka mmoja" kwa 180,000. Jina siliandiki kwa sababu linabadilishwa kila watu wakianza kulalamika kwenye komenti. Picha hazibadiliki: simu nyeusi juu ya kitambaa chekundu, boksi pembeni, na mkono wenye saa ya dhahabu. Ukiziona, msitume hela. Mimi ni fundi simu hapa Morogoro, na mizigo ya hawa jamaa inaishia mezani kwangu.

Wanavyofanya ni hivi. Ukiuliza duka liko wapi unaambiwa mtaa wa Aggrey. Ukisema utamtuma ndugu yako aje aione, ghafla simu iko stoo Mbagala na kijana wa stoo ametoka. Wanataka nusu ya hela kwanza, nusu nyingine mzigo ukifika na basi. Ukishatuma nusu, inakuja hadithi ya "ada ya kusajili IMEI TCRA", yaani namba ya utambulisho wa simu kwa mamlaka ya mawasiliano. Ada hiyo haipo, TCRA haimtozi mnunuzi wa simu hela ya IMEI. Wengine wakilipa hapo ndipo wanablokiwa, yameisha. Wengine wanatumiwa simu kweli, na hao ndio wanaonifikia. Simu inawaka, ina batani, ina nembo, na mtu anahangaika nayo akidhani tatizo ni bando.

Kabla ya yote, jueni jambo moja. BlackBerry wenyewe walitangaza Septemba 2016 kwamba wanaacha kutengeneza simu. Jina likachukuliwa na TCL ya China, ambao ndio waliotoa KEYone mwaka 2017, kisha KEY2 na ndugu yake wa bei ya chini, KEY2 LE, mwaka 2018. Tarehe 31 Agosti 2020 TCL nao wakaacha kuziuza. Kampuni ya Marekani iitwayo OnwardMobility iliahidi BlackBerry ya 5G yenye batani, ikafunga shughuli Februari 2022 bila kutoa hata moja. Kwa hiyo anayekutangazia "BlackBerry 5G toleo la mwaka huu" anakuuzia simu ambayo haijawahi kuwepo. Na anayesema KEY2 yake ni mpya, ama ilikaa kabatini miaka yote hiyo na betri yake ikizeeka, ama ni mtumba uliovalishwa hausingi mpya, yaani gamba la nje. Mtumba si dhambi, nusu ya simu ninazotengeneza ni za mtumba kutoka Dubai. Shida ni kuitwa mpya.

Sasa mzigo wenyewe. Wa mwisho kuniletea ni dada mmoja karani wa chama cha ushirika, anaandika meseji kutwa nzima na kioo cha kugusa kinamkera. Boksi limeandikwa KEY2, limefungwa nailoni vizuri kabisa. Ndani mna BlackBerry Q10. Q10 ni ya mwaka 2013, kioo chake ni cha mraba, inchi 3.1, na mgongo unafunguka betri ikatoka. KEY2 ina kioo kirefu cha inchi 4.5, kamera mbili nyuma, na betri yake haitoki kwa kidole. Lakini kama hujawahi kuishika KEY2, utajuaje? Nembo ni ile ile, batani ni zile zile nzuri.

Nilipofungua mgongo, stika ya chini ya betri ilikuwa imekwanguliwa tarakimu za mwisho. Nikabonyeza *#06#, ikaja IMEI moja. Boksi lina nyingine. Hausingi mpya kabisa inanuka plastiki, na skrubu mbili za ndani hazipo. Kwenye skrini alama ya WhatsApp ipo, na ndiyo iliyomfanya dada aamini. Ukiigusa inakuambia toleo hili limepitwa na wakati, nenda Play Store ukapakue jipya. Play Store yenyewe haimo kwenye simu! Walichofanya ni kupachika faili la zamani la Android ili alama ionekane kwenye video ya matangazo. Q10 si Android, inatumia mfumo wa BlackBerry 10. WhatsApp iliacha kuhudumia mfumo huo na ule wa zamani zaidi, BlackBerry OS, tarehe 31 Desemba 2017, na hakuna fundi wa kuirudisha. Mkiambiwa "lete elfu ishirini niflashi iingie WhatsApp", yaani niweke mfumo upya, huyo naye mkimbieni.

Na si WhatsApp peke yake. BBM, huduma ya kuchati ya BlackBerry, ya watu wa kawaida ilifungwa tarehe 31 Mei 2019. Tarehe 4 Januari 2022 BlackBerry wakazima huduma zote za simu zao za zamani, yaani zenye BlackBerry 10 na zote zenye BlackBerry OS 7.1 kurudi nyuma, na wakasema wazi kuwa hata kupiga na meseji hawazidhamini tena. Ninazoziona mezani bado zinapiga, zinatuma meseji, na *150*00# inafungua M-Pesa kama kawaida. Ukitaka Q10, Bold 9900 au Curve 8520 ya kazi hizo tu, ichukue, ila kwa bei ya kitochi. Curve 8520 haina hata 3G, msisahau. Na kama Q10 ikiwashwa inadai BlackBerry ID, yaani akaunti ya mwenyewe wa kwanza, iacheni hapo hapo, maana kuifungua leo ni kubahatisha.

Kuna wajanja zaidi ambao hawatumi Q10. Wanatuma KEYone au KEY2 LE kwa jina la KEY2, na hapa hata wauzaji wa mtumba wanaojua simu wanapigwa. Zote tatu zina Android, zote zina kioo cha inchi 4.5, kwa picha ya WhatsApp zinafanana. Ukiwa nayo mkononi unazitenganisha bila kuifungua.

Angalia kitufe cha kuwashia. KEYone kiko kushoto, KEY2 vitufe vyote vya pembeni viko kulia. KEYone ina kamera moja nyuma. Kisha angalia batani ya mwisho kulia, mstari wa chini: KEY2 na LE zina batani yenye nukta tisa, KEYone haina.

Kutenganisha KEY2 na LE ndiko kunakowashinda wengi. Fungua ukurasa wowote mrefu, halafu pitisha kidole juu ya batani taratibu kama unapangusa vumbi, bila kubonyeza. Kwenye KEY2 ukurasa utapanda na kushuka, maana batani zake zinahisi mguso. KEYone nayo inafanya hivyo. LE haifanyi, imeumbwa hivyo. Sasa kama simu ina kila dalili ya KEY2 lakini ukipitisha kidole hakuna kinachotokea, uliza kama kibodi imebadilishwa. Jaribu na alama ya kidole: kihisi kiko ndani ya batani ya nafasi, ile ndefu ya chini katikati. Kibodi iliyochomolewa na kurudishwa vibaya mara nyingi hufa hapo kwanza, herufi zinaandika vizuri lakini kidole hakisomwi. Malizia kwenye mipangilio: KEY2 ina RAM ya GB 6, LE ina GB 4. Tofauti hiyo si ndogo. Zilipotoka KEY2 iliuzwa dola 649 na LE dola 399, kwa hiyo anayekupa LE kwa bei ya KEY2 amekupiga hata kama simu ni nzima.

KEYone ina ugonjwa wake. Za mwanzo zilikuwa na kioo kisichogandishwa vizuri, ukiibana simu kinajitenga na fremu. Pitisha ukucha pembeni mwa kioo kuzunguka. Ukiingia mahali, rudisha.

Andika kila herufi, zote, na namba zake. Herufi za Kiarabu pembeni ya za kawaida si ubovu, simu ilitoka Dubai tu. Ila ukikuta A iko mahali pa Q, hiyo iliuzwa kwa Wafaransa, na vidole vyako vitalia kila siku.

IMEI msiangalie ya boksi, boksi linachapishwa. Bonyeza *#06#, chukua namba inayotokea kwenye skrini, itume kama meseji kwenda 15090. TCRA watakujibu ni simu ya kampuni gani na modeli gani. Simu ya laini mbili ina IMEI mbili, tuma zote. Halafu simu ifutwe yote mbele yako, na wewe ndiye uiwashe upya na kuingiza akaunti yako ya Google mpaka mwisho. Muuzaji akisema "hiyo utafanya nyumbani, inakula bando", umeshajibiwa.

Tuseme umepata KEY2 halisi na nzima. Kwa meseji sijaona simu inayoifikia, batani zinabonyea vizuri na betri ya 3500 mAh inafika jioni. Lakini imeishia Android 8, na masahihisho ya usalama yalikwisha zamani. WhatsApp inakubali. Programu za benki ndizo zinazoanza kuleta ubishi, kwa hiyo pakua ya benki yako kabla ya kulipa, ukiwa bado dukani. Vipuri ni vya kuagiza, na kioo kikipasuka utasubiri mpaka uchoke. Mimi kwa KEY2 ya mtumba iliyopita hivyo vipimo nalipa bila shida, lakini naiita ya mtumba na nadai bei ya mtumba. Anayetaka kibodi kwenye Android mpya kuliko hiyo ya KEY2 aulizie Unihertz Titan Pocket, ilitoka 2021 na Android 11. Kioo chake ni kidogo, inchi 3.1, na simu nene. Si BlackBerry, na akitokea wa kuiita "BlackBerry mpya" mnajua cha kufanya.

Kwa waliokwisha kutuma hela: piga huduma kwa wateja wa mtandao wako sasa hivi, kabla hela haijatolewa kwa wakala, uombe muamala uzuiwe. Namba ya huyo tapeli iripoti TCRA kwa kutuma neno UTAPELI kwenda 15040 na kufuata maelekezo. Nenda polisi uchukue RB, namba ya taarifa yako, ukiwa na meseji za muamala na mazungumzo yote. Usiyafute kwa hasira, na piga picha ya skrini ya ukurasa wao kabla hawajabadilisha jina. Uliyenunua dukani kwa risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, una pa kushikia zaidi, na malalamiko ya bidhaa bandia yanapokelewa na Tume ya Ushindani, FCC.

Na kama mzigo umefika na bado hujaufungua, mwite mtu akurekodi video unapoukata, lebo ya basi na IMEI ya boksi zionekane, kisha *#06# ibonyezwe kwenye video hiyo hiyo bila kukatiza. Wanapodaiwa, jibu lao la kwanza huwa "umebadilisha wewe simu".